Herufi za Kusomwa Kutoka Chini

Mtu akiingia dukani kwangu akaniambia, "Wewe niandikie tu, mradi isomeke," huwa naweka brashi chini nimtazame vizuri. Mradi isomeke! Utadhani kusomeka ni kitu kinachodondoka chenyewe kutoka kwenye kopo la rangi. Mimi ni Ghadir binti Hilali, mwandika mabango wa Mtendeni, na vibao vingi unavyovipita Tabora mjini, kuanzia sokoni hadi stesheni ya reli, vimetoka kwenye mkono huu. Saluni, bucha, duka la dawa, fundi viatu. Nina mkono mzuri na najua kuwa ninao, sitaki kujifanya mnyenyekevu.

Kwa hiyo Mama Advera alipoingia na maneno hayo hayo mdomoni, nilikuwa tayari kumjibu ovyo. Kilichonizuia ni gogo. Alikuwa amebeba kichwani kipande cha gogo la mninga, kakitoa kijijini kwake ndani kabisa ya Sikonge, kwa baiskeli hadi barabara kuu kisha kwa basi, akakitua mezani kwangu juu ya karatasi safi.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hasira haifuti adabu.

"Marahaba, binti. Huu ni mfano tu, mizinga yenyewe iko porini. Nataka jina langu liandikwe, na mtu akisimama chini ya mti alisome."

"Jina gani?"

"Advera."

"Na mzinga unakaa juu kiasi gani?"

Alitazama dari yangu, akacheka. "Hapo ni pa watoto."

Alivuta kiti akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo damu ilivyonichemka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono migumu. Marehemu mumewe, Benjamini, alikuwa fundi baiskeli hodari, lakini juu ya mti hakuwahi kufika, alikuwa anaogopa hata ngazi ya kanisani. Mizinga ilikuwa ya Advera. Baba yake alimfundisha kupanda angali msichana, na magogo aliyachimba mwenyewe, akayatundika mwenyewe. Ila alifanya jambo moja. Alipokuwa bibi harusi mpya alichukua kisu akachonga kwenye kila mzinga alama ya ukoo wa mumewe, mistari miwili iliyopishana na kijicho katikati.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Nilikuwa nimeolewa, binti. Nilijisikia fahari. Wenzangu wote walifanya hivyo. Unachonga alama ya huko ulikoolewa, mama mkwe anapita njiani anaiona, anafurahi."

Sasa mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, na Benjamini naye, na aliyebaki kuisimamia ile alama alikuwa shemeji yake, Shigela, ambaye porini alikuwa na mizinga yake mingi tu. Chama chao cha wafugaji nyuki kilikuwa kimepitisha kanuni mpya: kabla ya mavuno yajayo kila mzinga uwe na jina la mwenyewe, linalosomeka kutoka chini. Mzinga usiosomeka utafuata alama ya ukoo. Shigela alikwishaanza kuwaambia watu kwamba mizinga ile ni ya ukoo na alama ni shahidi. Advera hakuwa na shamba la tumbaku wala duka. Alikuwa na nyuki. Mizinga ikienda, na yeye amekwenda.

"Nitakuandikia," nikasema. "Nitakuandikia mpaka wasome wakiwa wamefumba macho."

Nikaenda nikaharibu.

Niliharibu kwa uzuri. Nilichukua rangi ya mafuta, nyekundu na njano, nikapanda bodaboda hadi kijijini kwake, na kwenye mzinga wa kwanza nikaandika ADVERA kwa mwandiko ule unaoniletea wateja: herufi za kulala, zenye vijimkia kila ncha, na kivuli cha buluu upande mmoja. Baba yangu, Hilali, alikuwa akiandika khati za Kiarabu kwenye kuta za nyumba za watu, na kwake nilijifunza kuupinda mstari hadi uimbe. Nilipomaliza nilitamani nijipige picha na ule mzinga. Msimu huo mizinga mingi ilikuwa mitupu, mavuno yamekwisha, makundi mapya ya nyuki hayajahamia. Advera akaufunga kamba za magome, akaupandisha, akashuka, tukasimama chini pamoja.

Alikunja uso, akasogea huku, akasogea kule. "Naona maua," akasema.

"Si maua, ni jina lako."

"Sawa. Mimi naona maua."

Tukangoja tuone na wenye nyumba watasemaje. Wakaja nyuki wachache wa kupeleleza, wakazunguka, mmoja akagusa mdomo wa mzinga, wakaondoka kwa haraka. Hawakurudi siku hiyo wala wiki hiyo.

"Nyuki hawataki harufu ya rangi ya mafuta," Advera akaniambia. "Nilidhani unajua."

"Mimi ni mtu wa Mtendeni, mama! Nitajuaje nyuki wanataka harufu gani?"

"Na mimi ningejuaje kwamba hujui?"

Tukatazamana, tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini njiani nikirudi nilikuwa na aibu, na aibu kwangu haikai sana, hugeuka ubishi. Nilijiambia kwamba kama uzuri wangu haufiki juu ya mti, basi nitatengeneza uzuri mwingine, hata kama ni mbaya.

Wino tuliupata sisi wawili pamoja. Yeye alisema nta, kwa sababu nyuki wakinusa nta hudhani kuna wenzao wamekwishahamia. Mimi nikasema masizi, kwa sababu masizi ni meusi na hayafifii. Tuliyeyusha nta, tukakoroga masizi ya sufuria humo, tukawa na uji mzito mweusi unaopakwa kwa kitambaa ungali wa moto. Sasa uji wa namna hiyo hauna subira na mapambo. Mstari mwembamba unaziba. Kijimkia kinageuka donge. Nikaanza kuondoa. Nikaondoa mikia yote, nikaondoa kivuli, nikaondoa ile tofauti ya mstari mnene na mwembamba ndani ya herufi moja, ambayo ndiyo roho ya kazi ya mkono wangu. Kilichobaki nikakinenepesha. Nikakinenepesha tena. Nikasimama upande wa pili wa barabara kukitazama, nikarudi nikakinenepesha mara nyingine, lakini si kupita kiasi, maana herufi ikinenepa mno matundu yake hufumba na A inakuwa mlima tu.

Halafu kulikuwa na suala la nafasi. Dukani nina meza, rula na penseli. Mizinga mingine ilikuwa imekwishatundikwa, na juu ya mti una mkono mmoja, mwingine umeshika tawi. Nikaamua kila herufi ikatwe tundu kwenye bati lake, na mabati yote yawe na upana mmoja, yatelezwe kwenye fremu ya mbao inayofungwa kwenye mzinga. Ukitaka jina, unapanga mabati, unafunga, unapaka. Hakuna kupima wala kukadiria. Yeyote anaweza kuandika jina lolote, na litatoka limenyooka. Nilikata madebe ya mafuta ya kula kwa mkasi wa bati mpaka vidole vikatoka damu.

Ukiamua kila herufi ipate nafasi sawa, ndipo unapojua tabia zao. M imezoea kutanua mabega, ukiiambia iingie mlango mmoja na wenzake inagoma. Ilinibidi nipandishe bonde lake la katikati na kuikaza kiuno hadi ikakubali. I nayo ni kijiti, ukiiweka peke yake kwenye bati lake inabaki imezungukwa na uwanja mtupu, na jina linaonekana limeng'oka jino. Nikaipa kofia juu na kiatu chini, vipana, vinene. Si mapambo yale, ni haki yake, nafasi ni ya kwake lazima aijaze. A, D na R nikaziachia vidaraja vya bati ili vipande vya katikati yao visidondoke. Nilipomaliza nilizipanga zote ukutani, nikakaa mbele yake na kikombe cha kahawa. Hakukuwa na herufi ndogo wala kubwa mle. Hakuna iliyokuwa inamsukuma mwenzake. Nilizipenda kuliko nilivyowahi kupenda kazi yangu yoyote, na nilishangaa.

Ami Hamoudi, mdogo wake baba, alipita siku hiyo kama anavyopita kila alasiri, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Nini haya?"

"Herufi, ami."

"Haya ni matofali." Aliingia akayagusa kwa ncha ya fimbo. "Baba yako alikuwa akiivuta herufi sini moja ya Kiarabu mpaka ukuta mzima unapumua. Herufi inavutwa, inafupishwa, inapewa heshima kwa daraja lake. Wewe umezipanga kama askari wa gwaride."

"Baba aliwaandikia watu walioketi barazani wanakunywa kahawa. Mimi nawaandikia watu waliosimama porini jua linawapiga machoni."

"Nasikia unamwandikia yule mjane wa Sikonge," akasema, na sauti ikashuka. "Shigela ni mtu wangu, Ghadir. Asali yake naiuza mimi. Mambo ya koo zao waachie wenyewe."

"Mama huyu amekuja dukani kwangu, ami. Hakuja kwenye ukoo wa mtu."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Wiki iliyofuata hakupita. Iliniuma, sitasema uongo, maana baada ya baba yeye ndiye baba.

Tuliandika mizinga yote ya Advera kwa wino ule, na safari hii nyuki walikuja. Alinipigia simu akaiweka karibu na mzinga ili nisikie mngurumo. Nikapiga kelele dukani mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa.

Herufi zenyewe hazikukaa porini. Niliziingiza kwenye kompyuta, nikazifanya fonti kamili na tarakimu zake, nikaiita Mninga, nikawarushia watu kwenye simu. Wauza nafaka wakaipenda kwa bei zao, kwa sababu tarakimu zenye upana mmoja hukaa moja chini ya nyingine bila kuyumba, na mteja anaona tofauti ya bei toka mbali. Nikaziona kwenye marobota ya tumbaku kule Usoke, kwenye ndoo za asali, kwenye madawati ya kanisa la Wamoraviani. Kijana mmoja wa bodaboda aliandika nyuma ya pikipiki yake SINA WIVU, na nilisoma toka upande wa pili wa soko. Watu walisema ni herufi zenye kiburi. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Ndipo Shigela alipokuja. Mtu mrefu, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi. Alisalimia vizuri, akaulizia afya ya ami Hamoudi, akasifia duka.

"Nimeona kazi yako kwa shemeji," akasema. "Nzuri. Nataka uniandikie mizinga yangu yote. Na ile ya shemeji ukaifute uandike Benjamini. Kazi zote utapata wewe."

"Yako nitakuandikia leo leo. Ya Advera nimekwishaandika."

"Dada yangu, wewe ni Mwarabu wa mjini. Hujui alama ya ukoo ni nini kwetu."

Hapo alinigusa pabaya. "Kaka Shigela," nikasema, "babu zangu walipita njia hii na misafara, toka hapa hadi pwani, na babu zako wakiwa wamebeba mizigo. Na kila kilichopita njia ile walikitia alama yao. Pembe, nguo, mpaka watu, Mungu awasamehe. Kwa hiyo usinifundishe mtu anavyotia alama kwenye kisicho chake. Ni kazi ya nyumbani kwetu. Naijua."

Hakukasirika. Hicho ndicho kilichonitisha. Alinyanyuka, akashukuru, akasema tutaonana siku ya ukaguzi.

Siku ya ukaguzi nilifunga duka nikaenda. Hakuna aliyenialika. Nilibeba begi lenye fremu na mabati yangu, sijui kwa nini, pengine kwa sababu askari haendi bila silaha. Wanachama waliacha baiskeli kwenye njia, tukaingia porini kwa miguu tukiongozwa na mwenyekiti, Mzee Xavery, mtu wa haki kwa kadiri anavyoruhusiwa na shemeji, wajomba na majirani zake.

Tulianza na mizinga ya Shigela. Alikuwa amempata mwandishi mwingine, naye alikuwa amemfanyia kile nilichomfanyia Advera mwanzoni: rangi ya mafuta, herufi nyembamba za kulala, mikia kila mahali. Mzee Xavery alirudisha kichwa nyuma, akafumba jicho moja, akafungua, akafumba la pili.

"Hii inasemaje?" mtu akauliza.

"Aa, hii ya Shigela," Mzee Xavery akajibu. "Nani asiyejua? Twende."

Na wa pili, twende. Na wa tatu, twende. Mizinga ilikuwa kimya, hakuna hata nyuki mmoja mlangoni, na yote ikapita. Nilifungua mdomo, Advera akanifinya mkono kwa nguvu.

"Ngoja zamu yetu," akanong'ona.

Zamu yetu haikungoja tufike. Pale njia inapokata kona, miti bado haijaachana vizuri, jina lilikuwa limekwishatuona. ADVERA. Jeusi, pana, limetulia juu kwenye mninga, na nyuki wakiingia na kutoka chini yake kwa fujo zao. Mama mmoja nyuma yangu, ambaye baadaye aliniambia kuwa shule aliiacha darasa la pili, alilisoma kwa sauti bila kuulizwa. Nilitamani kumkumbatia.

Mzee Xavery hakusema twende.

"Mwenyekiti," Shigela akasema kwa upole wake, "tazama kando ya jina. Ile alama ni ya nani?"

Tukasogea hadi chini kabisa ya mti, na kweli ukikaza macho uliiona: mistari miwili iliyopishana, imezeeka, rangi moja na gogo.

"Ni ya kwenu," Mzee Xavery akakubali. Akakuna kidevu. "Mama Advera, mimi sitaki ugomvi. Tufanye hivi. Mizinga ibaki mikononi mwako, urine asali kama kawaida. Ila jina lisomeke Benjamini. Ukoo utaridhika na wewe huna ulichopoteza."

Shigela alikubali haraka mno.

"Na mwakani," nikauliza, "kilicho cha Benjamini kitakuwa cha nani?"

 Mzee Xavery alitazama begi langu. "Wewe ndiye fundi. Unaweza kuandika Benjamini pale?"

Nilitoa fremu nikawaonyesha. Kati ya kamba moja ya mzinga na nyingine panaingia mabati manane. "Benjamini ni tisa. Halitoshi."

"Sasa hiyo I ni kijiti tu," Shigela akasema. "Ishindilie pamoja na N."

"Kwangu I si kijiti. Ina bati lake."

"Herufi moja tu, dada yangu! Ibane kidogo."

"Hazibanwi."

Ukweli ni kwamba ningeweza. Ningekata bati moja la kuchanganya, nusu saa tu, au ningefungua kamba na kuzisogeza. Niliweza na sikutaka. Nilikuwa nimekesha na herufi hizi kuhakikisha hakuna anayeminywa ili mwingine akae vizuri, na sikuwa tayari kuanza kuminya pale, chini ya mti ule, kwa ajili ya yule bwana. Mzee Xavery alishusha pumzi, akageuka amuulize Advera anasemaje.

Advera alikuwa amekwishajifunga kanga ya pili kiunoni. Kamba ya kupandia ilikuwa begani, kienge cha magome kinatoa moshi mkononi, kisu kati ya meno. Akapanda. Wanaume wale walikuwa wakisema miaka yote kuwa mwanamke hapandi, na sasa walisimama wakitazama nyayo zake zikienda juu. Alipofika kwenye tawi alikaa akining'iniza mguu mmoja, akapuliza moshi mdomoni mwa mzinga, akatoa kisu.

"Alama hii nilichonga mimi," akasema, bila kupaza sauti. "Hakuna aliyenishika mkono. Naiondoa mimi."

Akaanza kukwangua.

Moshi hutuliza nyuki, lakini si nyuki ambao nyumba yao inatikiswa kwa kisu. Walitoka. Kwanza kumi, halafu sikuona tena nafasi kati yao. Mtu akapiga yowe, na chama kizima cha wafugaji nyuki, watu waliozaliwa na nyuki, kikakimbia kama watoto wa chekechea. Mimi sikukimbia, si kwa ushujaa, sikujua pa kukimbilia. Nilichutama kwenye shina nikajifunika mtandio, wakanichoma shingoni na mikononi mpaka nikaita majina yote ya Mwenyezi Mungu ninayoyakumbuka. Juu yangu kisu kiliendelea, kru, kru, na vipande vya mbao vikawa vinanidondokea kichwani.

Waliokimbia walisimama mbali, kule kwenye kona tulikotokea.

"Mwenyekiti!" Shigela akapiga kelele huku akijipiga mashavu. "Andika kwamba anaharibu alama! Alama ipo, naiona hata hapa!"

"Unaiona?" Mzee Xavery aliweka kiganja juu ya macho. Sikio lake moja lilikuwa limeanza kuvimba. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutoona. "Mimi kutoka hapa naona kitu kimoja."

"Kitu gani?" yule mama wa darasa la pili akauliza, naye alikuwa akijua vizuri.

"Advera," akasema mzee. Halafu kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa kumeza: "Advera! Kanuni ni yetu wenyewe, tulisema isomeke, inasomeka. Mzinga ni wa Advera."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikanyanyua kichwa nipige na mimi, nyuki akanichoma mdomo.

Lakini Shigela alipiga hatua mbele, nyuki au si nyuki, na upole wote ulikuwa umemtoka.

"Shemeji!" akaita. "Sikia mbele ya watu hawa. Umeifuta alama yetu, umejifuta na wewe. Siku ukifa sisi hatuji. Hutalala karibu na Benjamini. Hakuna mtu wa ukoo huu atakayekuchimbia, wala atakayesimamisha msalaba na kuandika jina lako!"

Vigelegele vikakatika. Sio tisho la kuchezea hilo, wala halikuwa la maneno matupu, kila aliyekuwa pale alilijua. Mimi ni Mwislamu na sio ukoo wangu, lakini niliinua uso kumtazama Advera. Mume wake alikuwa amelala pale kijijini, nyuma ya kanisa, na nafasi ya kando yake alikuwa akiipalilia mwenyewe.

Kisu kikanyamaza. Advera alijifuta uso kwa mkono, jicho moja lilikuwa limevimba hadi kufunga. Hakumtazama Shigela. Aliinama akanitafuta mimi kwenye shina.

"Ghadir."

"Naam, mama."

"Mabati ya jina langu unayatunza?"

"Nayatunza, mama."

"Yataenea kwenye msalaba?"

Mdomo wangu ulikuwa umevimba na macho yamejaa machozi, ya nyuki na yasiyo ya nyuki, lakini nilijibu ili nisikike hadi kwenye baiskeli. "Yataenea, mama! Na watalisoma toka barabarani!"

"Basi shemeji amesikia," akasema. Akamalizia kukwangua, akapuliza mavumbi ya mbao, akaanza kulegeza kamba. "Niwashie kienge kingine. Mizinga mingine bado ipo."